Kabla ya Resini Kulikuwa na Pembe

Kuna watu ambao usiku huangalia video za mapishi, wengine za magari. Mimi naangalia kalamu. Nazungumzia zile kalamu za wino zinazotengenezwa kwa mkono, moja moja, kutoka kwa kipande cha resini: buluu ya bahari ya Watamu ikizunguka ndani ya rangi ya maziwa, au weusi wa moshi wenye vumbi la shaba ndani yake. Zimepigwa picha juu ya jiwe au juu ya daftari, mwanga ukizipiga kutoka ubavuni. Bei iliyoandikwa chini, kwa dola, inaweza kukulipia bedsita ya Kayole miezi kadhaa.

Ukiwauliza wenzako watakwambia hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa na muda. Labda. Lakini hiyo resini ina ukoo wake, na ukiufuata nyuma kwa uvumilivu kidogo haukupeleki Ulaya moja kwa moja. Unakupeleka Zanzibar na Lamu, unapanda hadi Ukambani, halafu unafika kwenye ukingo wa Mto Tana, mahali ambapo hakuna mtu hupafikiria akisikia neno kalamu. Ng'ambo ya pili ni Umbeere. Ni Gachoka.

Gachoka ni senta ndogo. Ukitoka Embu mjini ukishuka upande wa Kiritiri, baridi ya mlima inakuacha, migomba inapungua, migunga inaanza, na kando ya barabara ni ndengu, embe na muguka. Watu wa Nairobi wanalijua jina hilo kwa sababu ya siasa: lilikuwa jina la eneo bunge hadi lilipobadilishwa kuwa Mbeere Kusini kwenye uchaguzi wa 2013. Wengine wanajua mabwawa ya karibu, Kamburu na Masinga. Wachache wanajua kwamba kule chini, Mto Thiba unapokutana na Tana, kuna hifadhi ya wanyama ya Mwea, na ndani yake kuna ndovu. Washike hao ndovu akilini, tutawahitaji.

Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliondoka Rabai karibu na Mombasa akaelekea Ukambani kwa mara ya pili. Safari ya kwanza, tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa ameuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Mwenyeji wake huko alikuwa Kivui wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu ambaye misafara yake ilifika pwani na ambaye jina lake lilijulikana kote njiani. Mnamo Agosti 1851 wawili hao walikuwa wakielekea Tana na watu wao. Hawakufika pamoja. Walivamiwa karibu na mto, Kivui akauawa, Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipofika mtoni kiu ikiwa imemmaliza, alikunywa, kisha akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki ili apate ya kunywa njiani. Tunajua hivyo kwa sababu Krapf alirudi salama akaandika.

Hapo ndipo mambo ya kalamu yanaponikamata. Wakamba wana masimulizi yao juu ya Kivui, na ni marefu. Lakini Kivui wa vitabuni, yule anayetajwa darasani, ni Kivui wa Krapf. Mmoja alikuwa na pembe, mwingine alikuwa na wino. Pembe ziliuzwa, zikasafiri, zikabadilika zikawa vitu vingine, na leo hakuna anayejua ziko wapi. Wino ulibaki.

Sasa tuzifuate hizo pembe. Katikati ya karne ya 19 pembe za bara hili la mashariki zilikuwa zikiishia Mombasa na zaidi Zanzibar, na kutoka Zanzibar zilipakiwa kwenda India, Uingereza na Marekani. Marekani walikuwa wamesaini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Miaka minne baadaye wakawa na balozi wao mdogo Zanzibar. Walileta kitambaa cha pamba ambacho hadi leo shosho wengi wanakiita amerikani. Walichukua pembe. Jimboni Connecticut kulikuwa na viwanda vya kutengeneza vibao vya piano kwa pembe za ndovu, na kijiji kimoja huko kinaitwa Ivoryton, maana yake ni kama kusema Mji wa Pembe. Sijui ungeita nini kijiji ambacho pembe hizo zilitoka. Pengine usingekiita chochote, kwa sababu waliobeba pembe mabegani hadi pwani, wengi wao wakiwa watumwa, hawakurudi kukipa jina.

Mbali na piano, kulikuwa na biliadi. Mpira mzuri wa biliadi ulikatwa katikati kabisa ya pembe ili uzito wake uwe sawa pande zote, kwa hiyo pembe moja ilitoa mipira michache tu. Ndovu walikuwa wakipungua, bei ikawa inapanda. Mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya New York, Phelan na Collender, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayevumbua kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Mpiga chapa mmoja wa Albany, John Wesley Hyatt, akaanza kuchezacheza na pamba iliyotiwa asidi na kafuri. Kufikia 1870 alikuwa na hati ya uvumbuzi wa kitu kipya: seluloidi.

Seluloidi ilikuwa na kasoro moja ndogo. Ilishika moto kwa urahisi. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa mipira ile ikigongana kwa nguvu hutoa mlio kama wa risasi, na mlio ukitoka kila mtu ndani ya baa anachomoa bastola. Lakini ilikuwa na sifa ambayo pembe haina: unaweza kuitia rangi yoyote. Ilitengenezwa ifanane na pembe, ifanane na gamba la kasa, ifanane na kaharabu, ifanane na lulu. Plastiki ya kwanza kupata soko kubwa duniani ilianza maisha kwa kumuiga ndovu.

Kutoka hapo seluloidi iligawanyika njia mbili, na sijawahi kuelewa kwa nini hadithi hizi husimuliwa kila moja kivyake. Njia ya kwanza ni picha. Mwaka 1889 kampuni ya George Eastman, wenye Kodak, ilianza kuuza filamu ya seluloidi, nyembamba, angavu, ya kuzungusha kwenye kijiti. Kabla ya hapo mpiga picha alibeba vioo, sanduku zima la vioo. Baada ya hapo kamera ikawa kitu cha mkononi, na safari za wawindaji waliokuja huku kuua ndovu zikaanza kurudi kwao zikiwa zimejaa picha za ndovu waliokufa, ndani ya kitu kilichobuniwa kwa sababu ndovu walikuwa wanakwisha.

Njia ya pili ni kalamu. Lewis Waterman wa New York alipata hati ya kalamu yake ya kujibebea wino mwaka 1884. Zile za mwanzo zilikuwa za mpira mgumu, mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa kama mfupa, na karibu zote zilikuwa nyeusi. Mpira wa wakati huo ulitoka Amazon na Congo, na tunajua Leopold wa Ubelgiji alikuwa akifanya nini Congo ili mpira upatikane. Kisha mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer ikatoa kalamu ya seluloidi ya kijani kama jiwe la jedi, Parker wakafuata, na ghafla kalamu zikawa na rangi. Hizi za Instagram ninazoziangalia usiku ni wajukuu wa zile za 1924.

Lakini nimesema resini, na seluloidi si resini hasa. Kwa hiyo turudi pwani kidogo, kwa sababu kwenye resini penyewe tulikuwepo pia.

Kiswahili hakina shida na jambo hili. Kabla ya mtu kuniambia resini, lugha ilikuwa tayari na utomvu, ulimbo, ubani, manemane, na neno ambalo siku hizi vijana hawalijui: sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti ulioganda, na ile bora zaidi haikugemwa mtini. Ilichimbwa. Ilikuwa imelala ardhini tangu miti iliyoitoa ilipokufa na kuoza, na watu wa Mrima, ile pwani ya Tanganyika inayotazamana na Zanzibar, walishika majembe wakaitafuta. Ikisafishwa ilionekana na vipele vidogo juu kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ile mbichi ya mtini, ya bei ya chini, iliitwa chakazi, na wafanyabiashara wa Zanzibar walivyoshindwa kutamka wakaigeuza ikawa sandarusi ya punda, waliisikia jackass. Burton aliyepita huko miaka ya 1857 hadi 1859 ndiye aliyeandika kisa hicho.

Sandarusi ya Zanzibar ilikuwa kati ya zinazosifiwa zaidi duniani kwa kutengeneza vanishi. Kule Salem, Massachusetts, kulikuwa na kiwanda cha kuiosha tu. Mng'aro wa magari ya farasi ya matajiri na wa fanicha zao, ule unaouona kwenye makumbusho, sehemu yake ulichimbwa kwa jembe karibu na Bagamoyo.

Halafu yakatokea yale yale ya pembe. Mkemia Mbelgiji aliyehamia Marekani, Leo Baekeland, aliamua kutafuta kitu cha kuchukua nafasi ya shelaki, utomvu wa wadudu kutoka India uliokuwa ghali. Mwaka 1907 akapata bakelaiti, resini ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu mwanzo hadi mwisho. Na pesa za kufanyia utafiti huo alizitoa wapi? Alikuwa ameshavumbua karatasi ya kusafishia picha, Velox, akamuuzia Eastman wa Kodak mwaka 1899. Picha ndiyo iliyolipia resini. Baada yake zikaja akriliki, ambayo Parker waliitumia kwenye ile kalamu yao maarufu ya 51 iliyoingia sokoni 1941, halafu epoksi, ambayo leo fundi yeyote wa Nairobi anayetengeneza meza zenye mto wa buluu katikati anaijua vizuri.

Kwa hiyo unaweza kusema, na watu husema, kwamba Afrika Mashariki ilitoa malighafi na wengine wakatoa akili. Mimi hapo nakataa. Nenda Makumbusho ya Lamu ukaitazame siwa ya Pate, baragumu la pembe tupu la mwishoni mwa karne ya 17 hivi, lililochongwa na mtu ambaye alijua pembe kuliko fundi yeyote wa Connecticut. Tazama miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu, imezungushwa na kupunguzwa kwa mashine ya kamba na mkono. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kukereza, na mashine yake inaitwa kerezo. Mtu anayeunda kalamu ya resini leo, iwe Berlin au Ongata Rongai, kazi yake ni kukereza. Hata karatasi anayosugulia, msasa, imechukua jina la mti ambao majani yake makavu yalitumika kulainisha mbao. Msamiati wote ulikuwa hapa ukingoja.

Na kalamu zenyewe tulikuwa nazo. Neno limetoka Kiarabu, na kabla ya hapo Kigiriki, ambako lilimaanisha tete. Kalamu ya kwanza ya Mswahili ilikuwa hilo tete, limechongwa ncha kwa kisu na kupasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana karne ya 18 na 19 kwa wanakili wa misahafu, watu waliokaa siku nyingi juu ya mswada mmoja na wino wa rangi tofauti. Neno likapanda bara pamoja na misafara. Kikuyu wanasema karamu. Wino wa kale wa nchi nyingi, huku na Uarabuni na Ulaya, ulihitaji gundi ya mgunga ili ushike karatasi usitiririke, na migunga ndiyo hiyo imejaa kuanzia Gachoka ukienda kaskazini. Nikisema kalamu si kitu kigeni sisemi kwa kujipendekeza.

Kilichokuwa kigeni ni nani aliyeishika.

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906 na kujenga boma. Kufikia 1920 kila mwanaume Mwafrika wa miaka kumi na sita na zaidi katika koloni la Kenya alitakiwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, mara nyingi kimening'inia shingoni. Ndani mwajiri aliandika: alianza lini, aliacha lini, alilipwa kiasi gani. Mwenye kipande mchango wake ulikuwa alama za vidole. Mwajiri akikataa kukusaini kwamba umemaliza kazi, huendi popote. Ukitoroka, polisi wanakutafuta kwa vidole vyako. Harry Thuku alipolia juu ya kipande mwaka 1921 na 1922 alikuwa akizungumzia mambo mengi, lakini moja lilikuwa hili la mwili wako kuandikwa na wino wa mtu mwingine.

Ukielewa kipande unaelewa picha za guka zetu. Wengi tuna picha ile nyumbani, nyeusi na nyeupe, kona zimeliwa. Mwanaume amesimama wima, suti si yake labda, saa imevutwa ionekane, na kwenye mfuko wa shati kuna kalamu. Wakati mwingine mbili. Klipu yake inang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Studio zilijua. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 na alikuwa na vitu vya kuwaazima wateja: redio, saa, maua ya plastiki, na kalamu ya wino. Huku kwetu kulikuwa na studio kama ya Parekh pale Mombasa, iliyoanza 1942, na nyingine ndogo kila mji wenye stesheni au boma. Mtu aliyelazimishwa kuweka dole kwa miaka sasa amejipiga picha na kalamu kifuani, na haijalishi kama ina wino. Hiyo, kwangu, ndiyo historia halisi ya upigaji picha wa kalamu Kenya. Wale wa Instagram walikuja baadaye sana, na kwao kalamu imebaki peke yake kwenye fremu, mtu ametolewa.

Kalamu ya mfukoni haikuwa maringo matupu. Iliweza kukutoa mahali. Jeremiah Nyagah, mzaliwa wa huko Embu ya chini, alikuwa mwalimu kabla ya kuingia baraza la kutunga sheria mwaka 1958, na miaka ya 1960 akawa waziri wa elimu wa Kenya huru. Familia yake iliendelea kusikika kwenye siasa za Gachoka kwa muda mrefu. Kwa kizazi hicho mwalimu, karani na mwanasiasa walikuwa karibu mtu mmoja: yule anayejua kuandika barua ikajibiwa.

Halafu ikaja ardhi, na hapa nataka tukae kidogo.

Umbeere ni nchi kavu. Zamani ardhi ilishikwa kwa ukoo, na mipaka ilijulikana kwa mto, kilima, mti fulani, na kwa kumbukumbu ya wazee. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea miaka ya 1970 serikali ikaja na upimaji: kila kipande cha ardhi kipate mwenyewe, nambari na hati. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Jack Glazier, alikuwa huko akiangalia, na kitabu chake cha 1985 juu ya ardhi na mila za Wambeere bado ndicho cha kusoma kama unataka kujua kilichotokea. Koo zilijipanga upya ili zipiganie mashamba. Zilichanga pesa za kesi. Wazee walisimama mbele ya kamati wakasimulia nasaba: nani alimzaa nani, nani alifika kwanza, nani alikaribishwa tu. Historia iliyokuwa ya mdomo, inayobadilika kidogo kila ikisimuliwa ili watu waendelee kuishi pamoja, ikatakiwa ghafla iwe jibu moja la kuandikwa kwenye fomu.

Na sheria iliyokuwa ikitumika, ile ya usajili wa ardhi ya 1963, ilikuwa na kifungu ambacho kila Mkenya angefaa kukijua kwa kichwa. Kifungu cha 143 kilisema usajili wa kwanza hauwezi kurekebishwa na mahakama, hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Soma tena. Karani akiandika jina leo, na jina ni la uongo, na kila mtu kijijini anajua ni la uongo, limeshaandikwa. Kifungu hicho kilidumu hadi sheria mpya za ardhi zilipopitishwa 2012. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Mbeere Kusini akizungumzia shamba na sauti yake ikibadilika, usifikiri ni hasira za uzee. Anazungumzia mstari mmoja wa wino, labda nusu dakika ya kazi ya mtu aliyekuwa na usingizi baada ya chakula cha mchana.

Wakati huo kalamu yenyewe ilikuwa imeshageuka. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alipata hati ya kalamu ya kigololi mwaka 1938, Wakenya wengi bado wanaiita biro kwa jina lake bila kujua. Mfaransa Marcel Bich akaifanya rahisi kabisa mwaka 1950, Bic ile ya plastiki angavu, na kwa miaka mingi Haco waliitengeneza hapa Nairobi hadi mwisho wa 2018 Bic wenyewe walipochukua kazi hiyo. Sitasema mengi juu ya Bic. Umeitafuna kifuniko chake darasani, umeipasha moto kwa viganja ilipogoma kwenye mtihani, unaijua. Jambo moja tu: Bic ilimaliza kalamu ya mfukoni kama alama ya cheo. Kitu cha shilingi chache hakipigiwi picha.

Ndiyo maana kalamu ya wino iliweza kurudi kama kitu cha kupendeza tu, na ndiyo maana mtu leo anaweza kukaa siku tatu akitengeneza moja. Wacha nieleze inavyofanyika, kwa sababu watu hudhani ni kumwaga tu. Resini huja chupa mbili, yenyewe na dawa ya kuigandisha, na unazipima kwa mizani, si kwa jicho. Ukikosea kipimo itabaki na ulaini kama chapati isiyoiva na hutaiokoa. Unatia rangi, unakoroga polepole, unamwaga kwenye mtungi wa umbo unalotaka. Mapovu ndiyo adui. Mafundi wenye pesa huweka mtungi ndani ya tangi la presha hadi igande ili mapovu yabanwe yasionekane. Asiye na tangi anaomba Mungu. Ikishaganda unaikata, unaitoboa katikati, unaifunga kwenye kerezo na kuanza kuipunguza kwa patasi. Maganda hutoka marefu kama uzi. Vaa barakoa, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Kukata hesi za kifuniko ndiko kunatenganisha fundi na mpenzi wa kazi: zikilegea kifuniko kitaanguka, zikibana kitapasuka. Kisha msasa wa maji, kuanzia mkavu hadi laini kabisa, nambari juu ya nambari, mpaka unajiona usoni. Nibu wengi hawatengenezi. Hununua Ujerumani, kwa JoWo au Bock, watu ambao kazi yao ni nibu tu.

Na kuipiga picha ni kazi nyingine. Resini iliyong'arishwa ni kioo: ukiielekezea simu, unapiga picha ya dirisha, ya taa na ya kipaji chako. Lazima mwanga upite kwanza kwenye kitu cheupe, shuka au karatasi ya kuokea, ufike ukiwa umelainika, na utoke ubavuni ili mizunguko ya ndani ionekane ina kina. Upande wa pili weka kadi nyeusi, kalamu ipate ukingo. Futa vumbi, halafu futa tena. Gachoka iko karibu sana na ikweta, jua la saa sita linakuja moja kwa moja kutoka juu na kukata kila kitu vipande viwili, cheupe na cheusi. Huwezi kupiga chochote cha kung'aa saa hiyo. Subiri saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe, na uwe mwepesi kwa sababu huku giza haliagi.

Maduka ya vifaa vya kazi hii huuza vipande vya resini vilivyo tayari, kwa majina. Kuna rangi za bahari, za msitu, za anga la usiku. Moja haikosekani kwenye orodha: nyeupe iliyoegemea manjano kidogo, yenye mistari myembamba inayopita ndani yake kama ya kweli. Wanaiita pembe bandia. Wakerezaji wanaipenda kwa sababu inakatika vizuri, haipasuki, na kwenye picha inakamata mwanga kwa upole kuliko rangi nyingine zote. Kule Mwea, wenye hiyo rangi wanateremka mtoni jioni kunywa maji, na mwenye simu nzuri anaweza kuwapiga picha kutoka barabarani, wakiamua kutokea.